Msafiri Aliyeonja Mana ya Sinai: Maisha ya Johann Ludwig Burckhardt (1784–1817)



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa kale, mtu wa safari hii hakuwa mmisionari, wala hakuhubiri popote. Alikuwa msafiri. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wa sekondari wameliuliza zaidi ya mara moja katika darasa la Biblia: je, ni kweli kwamba mana waliyokula wana wa Israeli ilikuwa utomvu wa mti tu, wala hapakuwa na muujiza? Baadhi ya wazee walikasirika kusikia hivyo. Lakini kuuliza si dhambi. Wana wa Israeli wenyewe walipoiona mara ya kwanza waliuliza ni kitu gani, na jina la chakula kile likatoka katika swali lao (Kutoka 16:15). Basi na tumfuate mtu huyu aliyefika Sinai, akauliza, akaonja, akaandika.

KUZALIWA NA KUTAWANYIKA

Johann Ludwig Burckhardt alizaliwa tarehe 24 Novemba 1784 katika mji wa Lausanne, nchi ya Uswisi. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye mali na heshima katika mji wa Basel, na huko ndiko alikolelewa. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, na serikali ya zamani ikaanguka. Baba yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alikuwa adui wa utawala ule mpya, ikambidi kuuacha mji wake. Mtoto alikuwa na miaka 13. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili hazihitaji kuelezwa jambo hilo: jana mtu ana nyumba, shamba na jina linalojulikana, leo anabisha hodi kwenye milango ya wageni.

Kijana alisoma katika vyuo vikuu vya Leipzig na Göttingen huko Ujerumani. Hakutaka kutumikia serikali iliyokuwa chini ya Wafaransa, kwa hiyo mwaka 1806 alivuka kwenda London na barua za utambulisho mkononi, akitafuta kazi. Kazi haikupatikana upesi, fedha zikamwishia, akaishi kwa shida mtoto yule wa tajiri.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa hatari. Kilikuwapo chama cha Waingereza kilichoundwa London mwaka 1788 kwa ajili ya kuchunguza bara la Afrika. Kilitaka mtu wa kusafiri kutoka Misri, kuvuka jangwa kubwa pamoja na wafanyabiashara wa ngamia, mpaka kwenye mto Niger. Baadhi ya waliotumwa kabla yake hawakurudi. Burckhardt alikubali. Akaenda Cambridge kujifunza Kiarabu, utabibu na elimu ya nyota. Tena alijizoeza taabu kabla taabu haijamfikia: alitembea mwendo mrefu kichwa wazi juani, akalala chini, akala mboga na kunywa maji tu.

AITWA SHEIKH IBRAHIM

Mwaka 1809 aliondoka Uingereza, akapitia Malta, akafika mji wa Aleppo katika nchi ya Siria. Huko alikaa zaidi ya miaka miwili akijifunza lugha na desturi. Alivaa kama Waarabu, akajiita Sheikh Ibrahim, akaisoma Kurani mpaka akaijua vizuri. Wako wasemao kwamba alisilimu kwa moyo, na wako wasemao kwamba lilikuwa vazi la safari tu. Sisi hatutamhukumu, ajuaye moyo wa mtu ni Mungu. Katika safari zake aliwahi kuporwa hata nguo za mwilini, akaendelea.

Mwaka 1812 alianza safari ya kushuka kusini kwenda Misri. Njiani, katika nchi ya Edomu ya kale, alisikia habari za magofu yaliyofichwa katika bonde la miamba. Wenyeji hawakupenda wageni wachunguzi, kwa maana waliwadhania kuwa wachawi watafutao hazina. Basi alitoa sababu ambayo hakuna angeikataa: alisema ameweka nadhiri ya kuchinja mbuzi kwa heshima ya Haruni, ambaye kaburi lake laaminiwa kuwa juu ya mlima karibu na hapo. Ndivyo alivyopita katika ufa mwembamba wa mwamba tarehe 22 Agosti 1812, akauona mji wa Petra, nyumba na makaburi yaliyochongwa katika jiwe jekundu. Watu wa Ulaya walikuwa wameupoteza mji ule kwa mamia ya miaka. Jioni alichinja mbuzi wake chini ya mlima, akiliona kaburi kwa mbali, kisha akaendelea na safari. Tukumbuke kwamba Haruni ndiye aliyeagizwa kujaza pishi moja ya mana katika chombo na kuiweka mbele za Bwana, ili vizazi vijavyo vione chakula ambacho baba zao walilishwa jangwani (Kutoka 16:33-34).

Kutoka Misri alipanda mto Nile, na mwezi Machi 1813 aliona huko Abu Simbel sanamu kubwa za Farao Ramesesi wa Pili zilizokuwa zimefukiwa na mchanga. Mwaka 1814 alifika Shendi katika Sudani, soko kubwa la watumwa. Aliandika kwa kirefu jinsi watu walivyouzwa huko, hata watoto wadogo. Naye mwenyewe alinunua mtoto mtumwa wa kufuatana naye njiani. Hatulifichi jambo hilo. Maisha ya mtu husimuliwa pamoja na doa lake. Akavuka bahari kutoka Suakin mpaka Jidda, akaingia Makka na Madina, na Madina homa ikamlaza kwa miezi. Mwaka 1815 alirudi Cairo akiwa dhaifu.

ALICHOKIONA SINAI

Mwaka 1816 tauni iliingia Cairo. Burckhardt aliikimbia mwezi Aprili, akaenda rasi ya Sinai, akafikia katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima. Huko ndiko alikochunguza habari za mana.

Wasafiri wa kabla yake walikuwa wameitaja, lakini yeye alieleza kwa utaratibu, kama karani anayehesabu magunia. Katika mabonde ya Sinai kuna mti ambao Waarabu huuita tarfa. Biblia yetu ya Kiswahili imeuita mti wa namna hiyo mkwaju, pale Ibrahimu alipopanda mti huko Beer-sheba (Mwanzo 21:33), ingawa si ule mkwaju wetu wenye matunda machachu. Mwezi wa Juni matone matamu hudondoka kutoka matawi ya tarfa, yakaanguka juu ya majani makavu na miiba iliyo chini. Mabedui huyaokota alfajiri yakiwa yameganda kwa baridi, kwa sababu jua likitoka huyeyuka. Huyachemsha, huyachuja kwa kitambaa kuondoa majani na takataka, na kuyatia katika mifuko ya ngozi. Huila kama asali, kwa kuimwagia juu ya mkate au kuchovya mkate ndani yake. Wao wenyewe huiita mann.

Sasa angalieni jambo hili. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, na Burckhardt hakuona mana yoyote kwa Mabedui. Alichopata ni kipande kidogo cha mavuno ya mwaka uliotangulia, kilichohifadhiwa na watawa mahali penye baridi katika monasteri. Kilikuwa kigumu kama keki ndogo. Akikiweka juani kwa dakika tano kiliyeyuka. Akikirudisha kivulini kiliganda tena. Utamu wake ulikuwa kama asali, na harufu yake nzuri. Aliambiwa kwamba mtu akila nyingi tumbo huendesha. Akakadiria kwamba hata katika mwaka wa mvua nyingi mavuno yote hayazidi ratili mia tano au mia sita. Kwa kipimo chetu hayo hayafiki magunia sita ya kilo 50.

ILIYOGUNDULIWA BAADAYE

Burckhardt alidhani matone yale ni utomvu wa mti. Miaka michache baada yake, mwanasayansi Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg alichunguza miti hiyohiyo, akamwona mdudu mdogo sana anayeng'ang'ania matawi. Mwaka 1927 Fritz Simon Bodenheimer, mtaalamu wa wadudu, alikwenda Sinai na msafara wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, akathibitisha kwamba matone yanatoka kwa wadudu wa namna hiyo. Mdudu hunyonya maji ya mti, ambayo yana sukari nyingi na virutubisho vichache vya kujenga mwili. Ili apate vile vichache hulazimika kunyonya mengi, na sukari inayozidi huitoa nje kama tone. Katika hewa kavu ya jangwa tone hilo hukauka likawa punje nyeupe au ya manjano.

Mkulima wa maharage hatashangaa. Ameona vidukari kwenye majani machanga, na jani likinata kama limepakwa asali, na sisimizi wakipanga mstari kuufuata utamu. Huko Sinai pia sisimizi huja kuzichukua zile punje ardhi ikianza kupata joto, ndiyo maana anayetaka kuokota lazima aamke mapema.

Ziko pia vitu vingine vinavyoitwa mana duniani. Katika milima ya Wakurdi, huko Iraki na Irani, watu hukusanya utamu kama huo kutoka majani ya mialoni, nao pia hutoka kwa wadudu. Katika kisiwa cha Sicily, Italia, wakulima huchanja gome la mti fulani wakati wa kiangazi, utomvu ukatoka na kukauka mweupe. Huuzwa kama dawa ya tumbo. Na katika nyika za Asia ya magharibi kuna kimea kikavu kinachoota juu ya mawe, chepesi kiasi kwamba upepo hukibeba na kukimwaga mbali kama mvua, na watu wamewahi kukila wakati wa njaa.

Kuhusu jina lenyewe, Biblia inalihusianisha na lile swali la Kiebrania la kuuliza ni nini. Katika Kiarabu neno mann lina maana ya fadhili, kitu apewacho mtu bila kulipa. Maana hizo mbili zinakaa vizuri pamoja: kitu ambacho watu hawakukijua, nao walipewa bure.

JE, HII NDIYO ILE MANA YA BIBLIA?

Tusikatae yanayofanana. Ile ya Biblia ilionekana asubuhi, ilikuwa punje ndogo, ilikuwa tamu kama asali, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka (Kutoka 16:14, 21, 31). Mambo hayo Burckhardt aliyakuta Sinai, na yanatuonyesha kwamba aliyeandika Kutoka aliijua nchi aliyoiandika.

Lakini yasiyofanana ni makubwa zaidi, na mengi yamo katika maelezo ya huyuhuyu msafiri.

Kwanza, majira. Mana ya tarfa hupatikana wiki chache za mwanzo wa kiangazi, na mvua ikikosa haipatikani. Israeli walikula miaka 40, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

Pili, wingi. Rasi nzima haikutoa magunia sita kwa mwaka mzuri. Israeli waliohesabiwa, wanaume wa vita peke yao, walikuwa 603,550 (Hesabu 1:46), na kila mtu alipata pishi yake kila siku.

Tatu, kuhifadhi. Mabedui huiweka katika mifuko ya ngozi mpaka mwaka unaofuata. Ile ya Israeli ikilazwa iliingia mabuu na kunuka, isipokuwa usiku wa kuamkia sabato.

Nne, mapishi. Burckhardt hakusikia kwamba Mabedui waliifanya mikate. Israeli waliisaga kwa mawe, wakaitwanga, wakaitokosa vyunguni na kuifanya mikate (Hesabu 11:8). Mtu hawezi kusaga asali. Tena ile ya tarfa karibu yote ni sukari, na hakuna mtu awezaye kulea watoto kwa sukari peke yake.

Tano, siku ya saba. Mdudu hana sabato. Lakini waliotoka siku ya saba kuokota hawakukuta kitu (Kutoka 16:27).

Je, Mungu alichukua kitu cha nchi ile akakiongeza kupita kiasi, kama Bwana Yesu alivyoichukua mikate mitano ya kijana? Au aliumba kitu kingine kabisa? Musa anasema kwamba hawakuijua wao wala baba zao (Kumbukumbu la Torati 8:3). Mkristo anaweza kufikiri hivi au vile bila kuvunja imani. Jambo moja tu lisitupotee: kujua njia ambayo chakula kimepitia hakumwondoi aliyekituma. Kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua, sote tunajua wanatoka kwenye kichuguu, na bado mama anayewakaanga huwaambia watoto washukuru. Unga tunaopewa tunajua umetoka kwenye shamba la mtu, ukasagwa, ukapakiwa kwenye lori. Hatuachi kuuombea kabla ya kula.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Burckhardt alirudi Cairo mwezi Juni 1816. Alikuwa akingoja msafara wa ngamia wa kwenda Fezzan, ambao ungempeleka kwenye mto Niger, kazi hasa aliyotumwa. Alingoja miezi, kisha mwaka ukapita. Wakati akiongoja alipanga maandishi yake na kukusanya vitabu vya Kiarabu. Mwezi Oktoba 1817 alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alipojua kwamba haponi, aliagiza mama yake apelekewe habari kwamba mawazo yake ya mwisho yalikuwa kwake. Alifariki tarehe 15 Oktoba 1817, akiwa na miaka 32, akazikwa Cairo katika makaburi ya Waislamu kwa jina la Ibrahim. Tangu alipoondoka Uingereza mwaka 1809 hakurudi Ulaya. Vitabu vyake, mamia ya juzuu, alivirithisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Maelezo ya safari zake yalichapishwa yote baada ya kifo chake, na yale ya Sinai yalitoka mwaka 1822.

Ndivyo ilivyokuwa: mto aliotumwa kuutafuta hakuuona kamwe, na tunachomkumbukia ni yale aliyoyaandika njiani akiwa anangoja. Wapendwa, wengi wetu tunangoja. Tunangoja amani ya nyumbani, jina kwenye orodha, barua ya majibu. Miaka ya kungoja nayo ni miaka ya maisha yetu, na kazi tunayoifanya humo inahesabiwa.

TUJIFUNZE NINI SISI

Njaa yenyewe haikuwa dhambi kwa Israeli. Walinung'unika, na Mungu akawasikia, akawapa kware jioni na mana asubuhi. Mzazi anayelia kwa sababu mgao umepunguzwa asiambiwe kwamba amekosa imani. Katika sura ile makosa yalikuwa mawili: kuficha cha kesho kwa hofu, na kwenda kuokota siku iliyokatazwa. Aliyeokota kingi hakuzidishiwa, na aliyeokota kichache hakupungukiwa (Kutoka 16:18). Mtume Paulo alilichukua neno hilo akawafundisha Wakorintho kusaidiana, ili aliye na zaidi leo amjazie aliyepungukiwa (2 Wakorintho 8:14-15). Kwetu maana yake iko wazi. Mjane asiye na mtu wa kumbebea gunia siku ya mgao anabebewa na kanisa. Kadi ya yatima isiliwe na mtu mzima. Kipimo cha dukani kisiwe na kopo lililobonyezwa.

Tena mana ilikuwa na siku ya kukoma. Israeli walipokula mazao ya nchi, kesho yake haikuonekana tena (Yoshua 5:12). Chakula cha kupewa ni cha njiani. Kwa hiyo mwenye kipande cha bustani nyuma ya nyumba na apande mchicha, mwenye ufundi wa cherehani na amfundishe kijana, ili siku ile ikifika tusiwe tumesahau kulima.

Na mwisho, Bwana Yesu alisema wazi kwamba walioila mana jangwani walikufa, na kwamba yeye ndiye mkate ulio hai ulioshuka kutoka mbinguni (Yohana 6:49-51). Msafiri wetu alionja ile ya tarfa, akafa akiwa kijana. Sisi tunakula unga wa mgao, na siku zetu nazo zina hesabu. Basi tusipeleke mikono yetu kwenye mgao tu, mioyo ikabaki na njaa.

Maswali ya kujadili nyumbani jioni:

1. Kwa nini Mungu aliwapa Israeli chakula cha siku moja moja, na si cha mwezi?
2. Katika bloku yetu, nani aliokota kichache mwezi huu? Tunaweza kumjazia nini?
3. Mtoto akirudi shuleni na swali gumu kuhusu Biblia, tutamjibuje bila kumfukuza?

Bwana awape riziki ya leo, na tumaini la kesho. Amina.

Mchungaji wenu